Zabibu za Juu ya Mforsadi

Baba Ilarion alikuwa amesimama kwenye tope, langoni kwa marehemu, akimsubiri Inspekta Murtaz Khubulia kama mwalimu anayemsubiri mtoro. Padri huyo ni pande la mtu, ndevu hadi kifuani, na siku hiyo mikono yake ilikuwa myeusi tii kwa maji ya zabibu mpaka viwikoni. Novemba kwetu kila mtu ana mikono ya hivyo, padri, mwalimu, hata daktari wa mifugo. Ojaleshi ni zabibu inayopanda miti. Haikubali kutambaa chini kama zabibu za watu wa mashariki, na haiivi mpaka majani yamepukutika na baridi imeanza kuuma. Ukishaivuna, rangi yake unakaa nayo mpaka Krismasi.

"Kesho mchana tunazika," padri alisema, bila hata salamu. "Nataka neno moja kwako. Alianguka, au alijirusha?"

Khubulia alimwambia polisi hawafanyi kazi kwa neno moja. Padri akamjibu kwamba na yeye hafanyi kazi kwa kubahatisha. Mtu aliyejiua haimbiwi sala za wafu, haingizwi kanisani, halazwi uwanjani mwa kanisa pamoja na wenzake. Sheria hiyo hakuitunga yeye. Na kijiji chote cha Nakhuru kinasema Guram Sajaia alipanda mforsadi wenye zabibu zake akiwa hana nia ya kushuka. Mwanawe wa pekee, Bondo, aliyekufa barabarani mwaka jana, amelala pale kanisani, na nafasi ya baba iko ubavuni mwake. Sasa yeye padri amweke wapi baba huyu? Nyuma ya ukuta, kwenye miiba?

"Mkewe anajua hayo?" Khubulia aliuliza.

"Ndiye aliyekuja kuniuliza," alisema padri. "Nikamwambia sijui. Mtu nimemfungisha ndoa mwenyewe, naye namwambia sijui."

Inspekta alikuwa na siku hiyo moja tu, na asubuhi yake ilikuwa imeshaliwa na Karlo, mdogo wa marehemu. Karlo na kaka yake waligombania mforsadi ule, ambao umesimama mpakani, na kwenye harusi moja Karlo alisema mbele ya watu kwamba ataukata huku Guram akiwa juu yake. Khubulia alipomkuta, shavu limevimba kama ameficha yai. Jumanne, siku Guram alipokufa, Karlo alikuwa mjini Zugdidi aking'olewa jino. Mng'oa meno alithibitisha kwenye simu, akaongeza kwamba ang'atwe tena na yule bwana, hapana, safari nyingine atamtafutia daktari wa mifugo. Hapo njia ya Karlo ikafungwa. Karlo mwenyewe alilia mbele ya Inspekta, na shavu lake lile lile lililovimba, akasema wauchukue mti, wauchome kabisa, yeye hautaki tena.

Kwa hiyo Khubulia akaingia jikoni.

Kina mama walikuwa wanapika chakula cha msiba, masufuria ya maharagwe yakitokota, na katikati yao Tsiala, mjane, anamenya jozi. Walimwambia apumzike, akakataa. Ni mwanamke mwembamba, mkimya, macho makavu. Khubulia alimpa pole, akamwomba watoke waende kibarazani, pale penye meza yao ya kulia. Hakumuuliza habari za mti. Alimuuliza Guram alikuwa anakula nini.

Tsiala alimwangalia kwanza, kama vile amekuwa akisubiri mtu amuulize hilo.

"Alikuwa hali, Inspekta. Ndiyo habari yenyewe."

Akamweleza. Ilianza kiangazi. Kwanza Guram aliacha ugali. Ugali wetu wa gomi, moto, na vipande vya jibini vimetumbukizwa ndani, ambao unautwaa kwa vidole na kuuchovya kwenye mchuzi wa nyama uliosagiwa jozi na pilipili. Chakula hicho na Ojaleshi ni mume na mke. Mvinyo wenyewe una utamu kidogo, unafuata ule ukali wa pilipili unaupooza, na jozi zinaufanya mzito mdomoni. Guram alikula hivyo tangu aote meno. Ghafla akawa anasukuma sahani, anasema ameshiba kwa harufu. Baadaye akaacha soseji za pilipili, zile alizokuwa akizila huku machozi yanamtoka na kucheka, bilauri mkononi.

"Nikasema labda Ojaleshi imemlemea moyo, maana ndiyo aliyokuwa anakunywa na Bondo," Tsiala alisema. "Nikaleta Kachichi ya kwa mama yangu, kule karibu na mto Enguri. Mvinyo mwepesi, mchachu, unaona mpaka chini ya bilauri. Nikamkaangia samaki wa mtoni, maana Kachichi na samaki wanapatana. Alimtazama yule samaki, Inspekta, kisha akanitazama mimi, akainuka mezani."

"Alikuwa anakula nini basi?"

"Mkate. Anauchovya kwenye mvinyo, anakula. Basi."

Hakuhitaji kufafanua. Kwetu mkate unaolowanishwa mvinyo ni wa wafu. Unadondosha matone, unamtaja marehemu wako, ndipo unakunywa. Mtu anayefanya hivyo kila mlo, miezi kadhaa, na ugali wa moto unapoa mbele yake, watu watasema nini? Walisema. Tsiala mwenyewe alisema moyoni kwamba mumewe ameshahamia upande wa mwanawe, na mezani amebaki kivuli. Ilimuuma sana, kwa sababu yeye bado alikuwa hai, amekaa mbele yake.

Khubulia aliomba kuona kitambaa cha meza. Kilikuwa kwenye kapu la nguo chafu. Alikitandaza mwenyewe, akauliza Guram alikuwa akikaa upande upi. Mbele ya kiti chake madoa ya mvinyo yalijaa kushoto, mengine ya zamani yaliyofuliwa yakakataa kutoka, mengine mapya. Kulia kitambaa kilikuwa kisafi.

"Alikuwa akimwaga," Tsiala alisema. "Nikajua analewa. Nilimpigia kelele, Mungu anisamehe."

"Alikuwa anatumia mkono wa kushoto?"

"Guram? Aa. Wa kulia, kama watu wote."

Inspekta alikikunja kitambaa taratibu. Ndipo akamuuliza kuhusu Jumanne.

Tsiala alieleza bila kupanda wala kushuka sauti. Kazi ya mforsadini inataka watu wawili. Mmoja juu na kikapu chembamba chenye ncha, kinachopenya matawini bila kunasa. Mmoja chini na kapu kubwa. Cha juu kikijaa, kinateremshwa kwa kamba. Wa chini anakimwaga, kisha anavuta kamba kumwambia wa juu, tayari, pandisha. Kamba yenyewe inafungwa kwenye tawi. Asubuhi ile Guram alimtuma nyumbani akalete kapu kubwa, na aliporudi akamkuta ameshapanda. Hakuimba. Alikuwa akiimba zamani, mpaka wa bonde la pili wanamjibu. Kikapu cha kwanza kilichelewa mno. Kiliposhuka, Tsiala alikimwaga, akavuta kamba. Kimya.

"Nikamwita, hakuitika. Nikakasirika. Nikasema huyu naye, hata zabibu tutazivuna na huzuni yake? Nikavuta tena, kwa nguvu, mara kadhaa. Kamba ikalegea. Nikasema haya, amesikia. Nikainama kushika kapu, ndipo nikasikia matawi."

"Ilipolegea, ulifikiri nini? Sasa hivi, unafikiri ilikuwa nini?"

"Aliifungua," Tsiala alisema. "Aliifungua kwenye tawi, akaniachia, akajirusha. Ndivyo alivyoniaga." Akajifuta mikono kwenye aproni, akarudi kumenya jozi.

Khubulia aliteremka bustanini peke yake. Mforsadi ulikuwa mrefu kupita paa la nyumba, mweusi kwa mvua, na mashada ya Ojaleshi bado yananing'inia juu kabisa, ndege wanayashughulikia. Kapu kubwa lilikuwa pale pale lilipoachwa. Nyigu wameliingia. Alipiga magoti kwenye majani yaliyooza, akatoa shada moja moja.

Mvunaji wa kwetu anakata shada kwa kotama, kijisu kile kilichopinda. Anashika shada kwa mkono mmoja, anakata kikonyo kwa mwingine, safi. Haya hayakukatwa. Yaling'olewa. Mengine yalikuja na majani, mengine na vijiti, zabibu nyingi zimepondwa na kiganja. Guram Sajaia, ambaye watu wa vijiji jirani walikuwa wakimwazima kwa jinsi alivyokata, alikuwa anararua kama mbuzi. Inspekta akatafuta kikapu chembamba, akakiona kichakani. Kwenye kishikio chake kilibaki kipande cha kamba kifupi, kimekatwa kwa kisu. Kamba iliyobaki haikuwepo. Alitazama juu ya mti, akauzunguka, akaparua majani kwa kiatu. Kama Guram aliifungua kwenye tawi, ingeanguka hapa chini. Kama hakuifungua, ingekuwa juu.

Alirudi ndani, akaomba kumwona marehemu. Guram alilazwa chumba cha mbele, mishumaa kichwani, mikono imekunjwa kifuani. Khubulia aliwaomba wazee waliokaa ukutani wampishe. Hakutazama uso. Alishika mikono.

Wa kushoto ulikuwa mweusi. Walioosha maiti walisugua mpaka wakachoka, lakini Ojaleshi haitoki, na kiganja kilijaa mikato mipya ya vikonyo. Wa kulia ulikuwa mweupe. Kijiji kizima kina mikono miwili myeusi, na huyu, mvunaji kuliko wote, ana mmoja. Sugu zilikuwa zimelainika, vidole vimejikunja ndani, na kiwiko cha kulia kilikuwa na alama ya gome, pale alipoukumbatia mti kwa kiwiko badala ya kushika. Inspekta alikaa kitako kwenye benchi. Aliona ugali, ambao hauliwi ila kwa vidole. Aliona soseji, bilauri mkono mmoja na soseji mwingine. Aliona samaki mwenye miiba. Mtu aliyepooza mkono, anayeona aibu kusema, atakula nini mbele ya mkewe? Mkate laini, mkono wa kushoto, uliochovywa. Maskini Guram. Hakuwa akila na wafu, alikuwa akijificha.

Lakini ilibaki kamba, na Khubulia alimtafuta aliyefika mtini wa kwanza. Alikuwa Dutu Shonia, jirani, mtu mwenye sharubu na maneno mengi, ambaye siku hiyo hakuwa na hata moja. Inspekta alimkuta ghalani kwake.

"Kamba iko wapi, Dutu?"

"Kamba gani?"

"Uliyoikata."

Dutu aliangalia mahindi, akaangalia paa.

"Ukinifunga nifunge," alisema mwishowe. "Nilimkuta nayo mwilini."

"Shingoni?"

"Kiunoni. Imefungwa kiunoni, chini ya koti. Tsiala alikuwa amemlalia, haoni kitu. Kina mama walipomwinua wakampeleka pembeni, nikakata upande wa kikapu, nikamvua ile ya kiunoni, nikaificha ndani ya shati."

"Kwa nini?"

"Ndugu yangu, mtu amefiwa, hali, haimbi, anapanda mti na kamba mwilini. Nikajua alikwenda kujinyonga, ikamshinda, akajirusha. Nikasema angalau kamba isionekane. Nilitaka kumsitiri rafiki yangu."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Dutu."

"Mke wangu tu."

Khubulia alifumba macho. Mke wa Dutu anauza jibini sokoni, na anachokijua yeye asubuhi, mchana kinajulikana mpaka mjini Martvili. Hivyo ndivyo uvumi ulivyompata padri, na hivyo ndivyo Dutu alivyomsitiri rafiki yake mpaka karibu amtoe uwanjani mwa kanisa.

Kamba ilitolewa chini ya magunzi. Fundo la kiunoni Dutu hakulifungua, alilivusha miguuni lilivyo. Lilikuwa fundo la kitoto, na kwenye nyuzi zake kulikuwa na alama za meno. Guram ameshika ncha moja kwa mkono wa kushoto, nyingine ameikaza kwa meno, hapo chini ya mti, wakati mkewe amekwenda kuleta kapu. Kule juu, kwa mkono mmoja, asingeweza kuifunga kwenye tawi. Akajifunga mwenyewe. Na kamba ya kikapu, kwetu, wa chini anaivuta.

Khubulia aliketi ghalani kwa Dutu muda mrefu zaidi ya alivyohitaji. Alichokitaka padri amekipata, na hakukipenda.

Alimwita Baba Ilarion kwenye kibanda cha kukamulia zabibu, mbali na wapishi, akamweleza mambo ya mkono: kitambaa, mashada, viganja, fundo. Padri alisikiliza huku akitikisa kichwa, na macho yakamlowa. Kisha akauliza, kwa maana ujana wake wote aliupitishia mitini, ni kitu gani basi kilimng'oa.

"Uzito wa kikapu," Inspekta alisema.

"Kikapu kilikuwa chini. Umesema zabibu ziko kwenye kapu kubwa."

"Basi mkono ulichoka."

"Mwanangu," padri alisema taratibu, "usinipe cha nusu. Kesho nitasimama mbele ya watu wale. Wataniuliza hivyo hivyo ninavyokuuliza."

Khubulia aligeuka. Mlango ulikuwa wazi, na Tsiala alikuwa amesimama pale. Hatukumwona alipotoka jikoni, sisi tuliokuwa uani tukipasua kuni. Hatujui alisikia kuanzia wapi.

"Kamba alikuwa ameifunga wapi?" aliuliza.

Inspekta angeweza kusema tawini. Angesema hivyo, Tsiala angelala usiku, na Guram angezikwa miibani.

"Kiunoni, mama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa tangu kiangazi. Alikuficha. Hakuweza kuifunga kwenye tawi."

Tsiala alifikiri. Alikuwa mtu wa kuelewa haraka. Aliishika fremu ya mlango.

"Kumbe hakuifungua," alisema. "Hakuniaga."

"Hakukuaga. Alikuwa anapumzisha mkono tu, nadhani. Alitaka kuendelea kuvuna."

"Na mimi nikavuta."

Baba Ilarion alimsogelea, akamwambia hakujua, hakuna mtu duniani ambaye angejua, na Mungu anaona. Tsiala alimsubiri amalize.

"Sikukuuliza kama nilijua, Baba. Utamwimbia?"

"Nitamwimbia. Kwa sauti yangu yote."

"Karibu na Bondo?"

"Ubavuni mwake."

"Sawa." Akamgeukia Khubulia. "Utaandika nini?"

Khubulia alimwambia hakuna haja ya kuandika yote. Sheria inamtaka aseme ni ajali, na ajali ilikuwa kweli. Ataandika kwamba marehemu alikuwa mgonjwa wa mkono, mkono ukamwachia, akaanguka. Hakuna neno la uongo hapo, alisema, na hakuna jina la mtu mwingine.

"Hapana," Tsiala alisema. "Ukiandika mkono ulimwachia, watasema alijiachia mwenyewe. Nawajua watu wangu. Watasema padri ameona huruma, polisi wameona huruma, na kila mwaka tutakapokwenda kaburini watanong'ona. Andika alijifunga kamba kiunoni, na Tsiala Sajaia akavuta. Andika nilivuta kwa nguvu."

"Mama, ukishaandikwa umeandikwa. Na juu yako watanong'ona."

"Mimi niko hai. Nitawajibu."

Inspekta aliandika, karatasi ikiwa juu ya ukingo wa hori la kukamulia. Tsiala alisimama juu yake mpaka nukta ya mwisho. Kisha akamwambia asome kwa sauti, na asogee uani, wote wasikie. Akasoma. Jikoni visu vilinyamaza. Mke wa Dutu alijifunika uso na shali yake. Karlo aliweka shoka chini, akavua kofia, na sisi sote tukavua.

Tsiala alipita katikati yetu, akaingia chumba cha mbele. Wazee waliokuwa wamekaa ukutani walitoka wenyewe, hakuwaambia. Siku zote hizo hakuwa amelia hata mara moja, na wengine tulikuwa tumemsema kwa hilo. Sasa tulimsikia kupitia dirishani, si kilio cha msibani, ni sauti ile ile aliyokuwa akimgombeza nayo mumewe mezani.

"Ungeniambia, Guram," alisema. "Ungeniambia tu. Ningekulisha mimi."